Jasi ya Ndani

Ilianza Jumatatu tarehe tano Oktoba 1970, saa nne za asubuhi, pale Ami Hemed aliposimama mlangoni kwake, ndani ya ukuta wa mji wa Maskati, akamwambia mhandisi wa Kimarekani kwamba nyumba yetu si nyumba, ni kibanda. Saa naijua kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimeiandika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kusema mbele za watu siwezi, kwa hiyo nikiandika, na asubuhi ile nilikuwa nimeandika "saa nne, hakuna jipya." Wino haujakauka, hodi ikapigwa.

Sikuwa na nia ya kuyafukua haya. Lakini mwezi uliopita Zuwena amekufa, binti yake Ami Hemed, niliyelala naye chumba kimoja mwaka ule wote, na siku ya mwisho ya matanga nyumbani kwake Al Amerat, wageni walipopungua, mwanawe Nassor alikuja upande wa wanawake akanionesha picha katika simu. Picha ya zamani, mtu kaitupa mtandaoni. Kichochoro cha Maskati ya kale, kuta zimebanduka, boriti zimetokeza kama mbavu za punda, na upande wa kulia ukuta wa nyumba yetu, umechakaa kama wenziwe, ila chini, karibu na mlango, pana baka jeupe, jeupe kabisa, kama mtu kaanika shuka. Nassor ni mtu mzima, ana cheo chake serikalini, na alisema kwa huruma: "Hapa ndipo mlipokuwa mkikaa, mama mdogo? Masikini. Magofu matupu. Ndiyo maana yakavunjwa." Wanawake waliokuwa karibu wakatikisa vichwa, wakashukuru kwa neema ya leo. Hakuna aliyeuliza juu ya lile baka jeupe. Nikamaliza kahawa yangu, nikaaga, na njia nzima ya kuvuka mlima mpaka kwangu Al Hail mwanangu anayeendesha akawa ananiuliza mama una nini, nami nasema sina kitu. Nilikuwa na hasira. Leo mji wote ni mweupe, ukijenga nyumba unaambiwa rangi gani upake nje, na kila nikiziona zile kuta nyeupe zimejipanga toka Al Hail mpaka bandarini hasira ile hunirudi upya, mbichi, kama ya jana. Haikuwa gofu.

Basi nitaieleza ilivyokuwa, maana aliyebaki wa kuieleza ni mimi. Kwa nje Nassor hakukosea. Zama zile mtu hakuweza kutia mkono katika ukuta wa nje wa nyumba yake bila ya ruhusa ya mtawala. Kupaka, kupanua dirisha, kubadili boriti iliyooza, yote yakitaka ruhusa, na ruhusa ilikuwa haiji. Anayeomba huulizwa uwezo kaupata wapi. Mji ukawa unamomonyoka machoni pa wenyewe, nao wamekaa wanautazama. Lakini ndani ilikuwa khabari nyingine. Bibi Zuhura, mama yake Ami Hemed na bibi yangu mimi, alikuwa akisema nje ni ya mtawala, ndani ni yetu. Jasi ya kupakia kuta ilitufikia chini ya makaa. Muuza makaa alipokuja na punda wake, gunia moja lilikuwa na makaa juu tu, kwa chini jasi iliyochomwa ikatwangwa, nyeupe kama unga wa ngano. Baada ya sala ya alfajiri, mlango ungali na komeo, sisi wanawake tulikunja mikono tukapaka. Jasi haina subira. Unakoroga bakuli moja tu, ukikoroga ndoo imekufa mkononi. Unaichota kwa kiganja, unaivuta ukutani kwenda juu, haraka, kisha unasugua kwa jiwe laini la pwani mpaka ukuta ung'ae. Mtu akibisha hodi, tunanawa na kufunika bakuli kwa sinia, na Bibi anauliza nani, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelala.

Kwa hivyo ghorofani kwetu kulikuwa na ukumbi ambao sijapata kuuona mfano wake, na nimeona nyumba nyingi tangu hapo. Kuta zilikuwa nyororo kama ganda la yai, na madaka ya ukutani yamepangwa safu mbili, kila daka na bakuli lake la kichina. Dari ilikuwa ya boriti zilizochorwa maua mekundu na meusi na aya zinazopita toka ukuta mmoja hadi wa pili, nasi tulikuwa tukila chini yake, sinia katikati, wali na samaki wa kuchoma, na siku nazi ikipatikana, wali wa nazi, na Bibi akilalamika kila mara kwamba nazi za huku zina maji ya machozi. Mimi na Zuwena tulipewa ngazi tuzitunze. Zuwena alikuwa mwepesi wa mkono na wa mdomo. Akiniita Bubu wa Fom Tu, kwa kuwa nilikuwa nimefika kidato cha pili Unguja, nikijua Kiingereza, na bado mgeni akiingia najificha nyuma ya mtungi. Nyumba moja tulikuwa tumeshaiacha kule, na khabari yake siisemi hapa. Chumba kimoja tu hatukukigusa: majlis ya chini, karibu na mlango, wanapokaa wanaume. Hicho kiliachwa makusudi, ukuta umebanduka, mkeka umechanika, ili yeyote atokaye nje akiingia asione kitu.

Mwezi wa Julai utawala ukabadilika. Milango ya mji iliyokuwa ikifungwa usiku ikaachwa wazi, watu wakatembea na redio kwapani, na marufuku ya kutengeneza nyumba ikafa pamoja na nyingine. Wiki ile ile Bibi alimwambia Ami Hemed alete jasi mchana, juu ya punda, kila mtu aone, tupake ukuta wa mbele. Ami akasema tungoje kwanza, tuone mambo yanakwendaje. Agosti akasema tungoje. Septemba akasema watu bado hawajapaka, tusiwe wa kwanza. Mimi nikiyaandika yote, tungoje, tungoje, na kalamu ilikuwa ikitoboa karatasi.

Ndipo ikaja Jumatatu ile. Serikali mpya ilitaka barabara ya gari kutoka lango la mji mpaka ufukweni, na kampuni ya kigeni ikaleta wahandisi. Mimi na Zuwena tulikuwa ghorofani nyuma ya dirisha la mbao zilizotobolewa, pua zimegusa, tukawaona chini: mhandisi mrefu, kofia mkononi, na mkalimani, kijana wa Matrah aliyevaa viatu vipya vinavyomuuma. Wakauliza nyumba ya nani, ikoje, nani wamo. Ami akajibu kwa Kiarabu kama alivyolelewa kujibu. Kwetu mtu hajisifu. Ukiulizwa mtoto wako unasema huyu mbaya huyu; ukiulizwa chakula unasema hakuna kitu, kisha sinia inaletwa na watu wawili; ukiulizwa nyumba unasema kibanda. Ni adabu, na pia ni kinga, kwa sababu jicho la mtu halina pazia. Mwenzio wa hapa anajua, naye hukujibu mashallah, kibanda gani hicho, Mungu akubariki. Ami akasema ni kibanda, bwana, kimechoka kama mwenyewe, siku yoyote kitatuangukia. Mkalimani, sijui kwa uchovu wa viatu au kwa kutaka kuonekana hodari, akayageuza Kiingereza vile vile, neno kwa neno, bila ya adabu yake. Mhandisi akauliza kama anaweza kutazama ndani. Ami akasema ndani wamo wanawake, na hamna cha kutazama. Mhandisi akamshukuru kwa kusema kweli. Hilo mkalimani hakulitafsiri, nikalisikia mimi peke yangu.

Nilikimbia kwa Bibi nikamwambia, na Bibi akangoja aone litakalofuata. Kabla ya wiki kwisha, mtu mwenye ndoo ya rangi alikuwa amepita kichochoro kizima na kutia msalaba mwekundu katika baadhi ya kuta, na wa kwetu ulikuwa karibu na mlango, mkubwa, umechuruzika. Mkalimani alimweleza Ami msikitini: barabara itapinda kuzikwepa nyumba zilizo nzima, na itapita juu ya magofu. Nyumba iliyotukabili, ambayo kwa ndani haikuwa na hata daka moja, haikutiwa alama, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amepaka ukuta wa mbele mwishoni mwa Septemba. Ami alituletea khabari hiyo tukiwa kwenye sinia ya wali kama anayesimulia ya mtu mwingine. Bibi akamwambia arudi kwa yule mzungu, amwambie nyumba ni nzima. Ami akacheka kidogo. Akauliza, yeye, mtu mzima na ndevu zake, akabishe mlango wa mtu kumwambia nyumba yangu nzuri? Na serikali hii imeleta skuli na hospitali, imetutoa gizani. Nyumba moja ikizuia barabara, watu watasema nini juu ya watu waliotoka Unguja, waliokaribishwa juzi? Zuwena akasema watatuita watu wa kibandani. Baba yake akamtazama, na samaki akapoa.

Nilitaka kitu kimoja tu mwezi ule: mhandisi apande ngazi zetu. Nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba akiuona ukumbi ule kwa macho yake barabara itapinda. Njia ikaja yenyewe, kwa miguu miwili. Mke wa mhandisi, Marta, alikuwa hana kazi, akizunguka vichochoroni na kusalimia wanawake kwa maneno matatu ya Kiarabu aliyojifunza, na siku moja Bibi alimwona dirishani akasema mlete huyo, jua litamuua. Akapanda. Alipofika juu ya ngazi alisimama, mkono ukutani. Kisha akasema mengi, na mimi, nyuma ya mtungi, nikaitwa nitafsiri. Nikatafsiri kila kitu na kila sentensi nikaiongezea mashallah, ambayo hakuisema, ili Bibi asione wasiwasi.

Kesho yake akarudi na kitabu kikubwa cha picha. Kilikuwa cha mji wao, Filadelfia, mitaa yake ya kale. Tulikilaza juu ya jamvi, Bibi akavaa miwani, ambayo miezi michache nyuma, ilipokuwa imepigwa marufuku na mtawala, asingethubutu kutoka nayo nje, tukatazama picha moja moja huku tunakula halwa. Nyumba za matofali mekundu zimebanana bega kwa bega kama waumini safuni, ngazi za marmar nyeupe mbele ya kila mlango, vichochoro vya mawe vyembamba kama vyetu. Juu ya baadhi ya kuta pana vibao vya chuma, kimoja kina mikono minne imeshikana. Marta akatueleza kwamba zamani moto ukitokea vibao vile vilionesha nyumba ipi imekatiwa bima, na leo watu wanavienzi. Na katika dirisha la juu la nyumba moja kulikuwa na chombo cha ajabu, vioo vitatu vimefungwa katika chuma, vimeinamishwa. Mwanamke aliyekaa ndani anamwona anayebisha chini, na yeye haonekani. Bibi alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Basi na wao wanachungulia," akasema. "Mwambie sisi tunatumia mbao zenye matundu, miye naona vizuri zaidi, lakini chao kizuri." Nikasema hivyo. Marta naye akacheka, na kwa kitambo kile nilimpenda.

Akaendelea. Mitaa ile, alisema, ilikuwa imechakaa sana, na sasa inatengenezwa upya, na iko kamati. Mwenye nyumba hawezi kubadili dirisha wala rangi ya mlango bila ya ruhusa yao. Nikatafsiri. Bibi akavua miwani. "Ruhusa? Kumbe na huko yupo mtawala." Marta akasema hapana, hii ni kwa kuilinda nyumba isiharibiwe. Bibi akasema wetu naye alisema hivyo hivyo. Kisha Marta akafunua kurasa mbili zinazotazamana, mtaa ule ule kabla na baada. Kwenye ya kwanza ngazi za marmar zimevunjika, na juu yake wamekaa watoto weusi, wawili wadogo na mmoja amempakata mdogo wake, nguo zimeanikwa dirishani, na mwanamke mlangoni amejishika kiuno. Kwenye ya pili ngazi zinang'aa, mlango una rangi mpya, na hakuna mtu hata mmoja. Nikauliza, kwa Kiingereza, swali la kwanza nililopata kumuuliza mgeni bila ya kutumwa: hawa watoto wako wapi? Marta akatazama picha kama ndiyo kwanza anawaona. Akasema walihamishwa, wamepata pahala pengine. Nikauliza wapi. Akasema hajui, pahala pazuri bila shaka. Bibi akauliza nini anasema, nami nikashindwa kutafsiri. Usiku niliandika kwamba huko nyumba inapona na watu wake wanatolewa, na huku sisi tutatolewa pamoja na nyumba, na sikujua nimkasirikie nani. Sasa najua. Nawakasirikia wote.

Lakini Marta aliahidi kumleta mumewe, na mimi nikaishi kwa ahadi ile. Zuwena akatengeneza vioo vya Filadelfia, vioo viwili vya mkono na kile cha Ami cha kutengenezea ndevu, akavifunga kwa uzi wa nyavu katika fremu ya dirisha, na kwa siku kadhaa Ami alipunguza ndevu kwa kukisia, upande mmoja ukawa mfupi, na Bibi akasema sasa anafanana na ukuta wake. Bibi ndiye aliyemlainisha. Alimwambia, wewe hutaki mwanamume aingie wanawake wakiwamo; basi hatutakuwamo. Tutakwenda nyumba ya jirani, sote, mpaka wamalize. Ami hakusema ndiyo wala hapana. Alisema inshallah, na sisi tukaichukua.

Siku ya mhandisi kuja nilisugua ngazi toka juu hadi chini kwa maji na ndimu. Nikafukiza ubani ukumbini. Pazia zito lililokuwa likining'inia chini ya ngazi, linaloficha njia ya kwenda juu, nililikusanya nikalifunga pembeni kwa utepe wangu mweupe wa skuli, ule niliokuwa nikifungia nywele Unguja, kwa sababu sikuwa na kitu kingine kizuri. Kisha tukavaa mabuibui tukavuka kwa jirani, tukakaa kwenye mkeka tukisikiliza. Tuliwasikia wakifika. Tulisikia vikombe. Bibi alikuwa akivuta tasbihi, na Zuwena akaninong'oneza, sasa wako ngazini, Bubu, sasa wanatazama dari, sasa mzungu anamwambia baba mwongo mkubwa wee. Muda ukapita, mfupi mno. Tukasikia maagano mlangoni, na viatu vya mkalimani vikichechemea kwenda zao.

Nilirudi mbele ya wote. Majlis ilikuwa na harufu ya kahawa, halwa imeliwa, mkeka uliochanika umekaliwa. Pazia la ngazi lilikuwa limeshushwa. Utepe wangu ulikuwa umekunjwa vizuri sana, umewekwa juu ya kizingiti, kama kitu cha mgeni alichosahau. Sikuhitaji kutazama ngazi, lakini nilitazama. Zilikuwa safi, hazina alama ya unyayo.

Ami alikuwa amesimama pale pale, sinia mkononi. Nilimwambia: "Ami, kwa nini umeshusha pazia?" Sauti ilitoka kubwa, sikuijua. Zuwena nyuma yangu akajiziba mdomo.

"Nnaambiwa nimpandishe mwanamme asokuwa maharimu chumbani kwa mama yangu," akasema.

"Hakuwamo."

"Nguo zake zimo. Udi wake umo." Akaweka sinia chini. Hakuwa mkali, na hilo lilinizidishia hasira. "Akauliza juu kuna nini, nikasema hamna kitu. Sikiliza, mwanangu. Umri wangu wote anobisha mlango wangu namwambia sina kitu. Ndivyo nyumba hii ilivosimama. Mtu kaja kuuliza, kasikia hamna, kenda zake. Leo nnaambiwa nimwambie nnacho. Ulimi haugeuki kwa siku moja."

"Basi ungenyamaza," nikamwambia.

Hakuna aliyekuwa amemsemesha hivyo katika nyumba ile. Bibi, aliyekuwa ndiyo kwanza anavuka kizingiti, akasimama, akaokota utepe, akanipa. "Bubu kasema leo," akasema, taratibu, si kwa kunisifu wala kunikemea. Ami akachukua fimbo yake akatoka, na usiku ule chakula chake kilibaki kimefunikwa kawa.

Yaliyofuata baadaye nayatanguliza hapa, kwa kuwa hayana mshangao. Ramadhani tulifungia humo, Idd tukaila humo, na baada ya Idd wakaja wabomoaji. Marta alikuja kabla yao, macho mekundu, na kamera. Akaniambia alimwomba mumewe, na mumewe akamjibu kwamba yeye mwenyewe alikwenda, akakaa, akanywa kahawa, na mwenye nyumba kwa mdomo wake kasema juu hamna kitu. Nani anajua nyumba kuliko mwenyewe? Akapiga picha za kichochoro. Kisha akauliza kama anaweza kuchukua boriti moja iliyochorwa, aiokoe, alitumia neno hilo. Bibi akampa, kwa kuwa mgeni akisifu kitu kwako ni chake. Nasikia boriti ile iko Filadelfia, katika nyumba ya matofali yenye ngazi za marmar. Sijui kamati iliruhusu. Sijui mwanamke yule aliyejishika kiuno alikuwa amekaa mlango huo au mlango wa pili. Watu huniambia, Bibi Rayya, samehe, Ami Hemed alikuwa mtu wa zamani, mzungu alikuwa kazini, barabara ilihitajika. Barabara naijua, nimepita juu yake mara nyingi kwa gari, na kila nikipita nakunja mikono nisiguse kitu. Ami amekufa mikononi mwangu, nimemwosha miguu, nimemsomea Yasini, na mpaka leo nikikumbuka utepe ule ulivyokunjwa vizuri meno yanashikana.

Asubuhi yake, baada ya ugomvi, niliamka kwa adhana. Nikasali. Nikashuka jikoni nikatoa makaa ya juu katika gunia, nikafika kwenye jasi. Nikachukua bakuli, mtungi wa maji na jiwe la kusugulia. Nikajifunga kanga kichwani, buibui nikaliacha kwenye msumari. Kisha nikatoa komeo nikatoka nje, peke yangu, mara ya kwanza tangu kufika mji ule, nikapiga magoti mbele ya ukuta wa mtawala.

Ukuta ulikuwa na kiu. Bakuli la kwanza ulilinywa, na msalaba ukatoka kwa chini, wa rangi ya waridi. La pili likaufifiza. Nilikuwa nikikoroga na kupaka, kukoroga na kupaka, kiganja kwenda juu, na jua likaingia kichochoroni. Watu wakaanza kupita. Muuza mkate akasimama. Zuwena akatokea kwenye ufa wa mlango, hakusema mzaha wowote, akapokea bakuli tupu akaniletea jipya, na akaendelea kufanya hivyo. Ukaja weupe wenyewe, hauna tena wekundu, na pale nilipoanzia nikaanza kusugua kwa jiwe.

Akapita askari mzee wa lango, yule aliyekuwa akilifunga kila usiku na sasa hana la kufunga, bunduki begani kwa mazoea. Akasimama juu yangu akauliza kwa Kiarabu, nani katoa ruhusa. Sikuinua uso. Ami Hemed alikuwa amefika mlangoni, amevaa kwenda dukani, ndevu zimepinda upande, na askari akamgeukia yeye, kama ilivyo ada, akarudia swali lake. Ami akanitazama, akautazama ukuta, akatazama watu waliokusanyika.

"Watoto tu hawa, bwana," akasema. "Wanachezea udongo."

"Hatuchezi," nikasema, kwa Kiarabu, kwa askari, mwanamume wa kwanza wa mji ule kusikia sauti yangu. Kisha nikachota jasi kabla haijashika, nikasimama, nikapaka juu zaidi, mpaka mkono wangu ulipofika.